Njia Iko Muzuri

Nafundisha hesabu katika shule moja ya sekondari hapa Kasongo, na sipendi kabisa mtu anayejibu swali kwa neno "karibu". Karibu ni kiasi gani? Wanafunzi huniiga nikiwapa mgongo, nawasikia, nanyamaza. Kwa hiyo siku ile meja aliyeshika ugavi wa kikosi alipokuja shuleni, akajibana kwenye dawati la mwanafunzi na kuniambia kwamba chakula cha askari walioko Kabambare hufika karibu kila mara, nilimwuliza papo hapo kama askari hao nao hula karibu kila mara. Alicheka sana. Tangu hapo tukaelewana.

Shida yake ilikuwa hii. Askari wa Kabambare walitegemea unga, maharage, mafuta ya gari na dawa kutoka Kasongo, na yeye alikuwa na malori mawili tu, moja zima na moja linalokohoa. Akipeleka vitu vingi mapema, ghala la kule linavuja na unga unaota ukungu. Akipeleka kidogo kidogo, mvua inakata njia na askari wanalala njaa. Na askari mwenye njaa hakai akaimba nyimbo za kambi. Anaingia shambani mwa mtu. Kila familia ya Kabambare inajua habari hiyo. Meja hakuwa mtu wa mkoa wetu wa Maniema, lakini alikuwa amechoka kupokea akina mama wanaokuja kulalamikia mihogo yao, na alikuwa amesikia kwamba nilipokuwa chuoni Kisangani niliwahi kuifundisha kompyuta kuigiza safari za malori na mitumbwi. Akataka nimfanyie hivyo hivyo kwa njia ya Kabambare.

Nilimweleza kazi hiyo kwa vifuniko vya chupa na karanga juu ya meza ya walimu. Vifuniko vilikuwa malori, karanga zilikuwa magunia, kamba ya viatu ilikuwa njia. Tukarusha dadu. Namba moja, mvua imenyesha, lori linasimama. Namba mbili, magogo ya daraja yamevunjika. Meja alipenda mchezo huo kupita kiasi, ila alikuwa akitafuna magunia yake kabla lori halijafika kijiji cha Lusangi, katikati ya njia, ikabidi nimwambie kwamba huo nao ni upotevu wa ugavi na tunatakiwa kuuhesabu. Kompyuta, nikamwambia, inafanya jambo hilo hilo, ila haichoki wala haili karanga. Unaiambia una malori gani, mafuta kiasi gani, mvua huzidi lini na ni kipande kipi cha njia humeza magurudumu. Halafu unaiacha iishi msimu mzima wa mvua, tena na tena, kila mara kwa bahati nyingine. Mwishoni unaangalia katika misimu hiyo yote ya kubuni askari walikosa chakula mara ngapi. Ukibadilisha mpango, unaangalia upya. Askari wa ofisini kwake waliipa jina: mashini ya kuota.

Ndoto zake, basi, zilitegemea tutakachoilisha. Takwimu za mvua nilizipata kwa mapadri, ambao wana chombo cha kupimia uani. Habari za malori alikuwa nazo meja mwenyewe. Kilichobaki ni njia, na njia huwezi kuijua ukikaa ofisini. Nikaanza kwenda kila asubuhi kabla ya vipindi kwenye kituo cha pikipiki kinachotazama soko, mahali wanapoondokea vijana wa Kabambare. Nilikwenda kwa adabu. Nilisalimia, nikauliza habari za nyumbani, na kwa kuwa si vizuri kumwuliza mtu maswali bila kumwambia sababu, nilisema wazi: sisi na watu wa jeshi tunajiandaa kwenda Kabambare na lori, je, njia ikoje? Wakanijibu wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba iko muzuri. Kile kilima cha mbele ya Lusangi? Kiko muzuri. Madaraja? Yako muzuri, prof, mutapita tu. Niliwapigia simu hata watu wa vijiji vya njiani, nao wakasema vile vile, na wengine wakaniombea dua juu yake. Niliyaingiza yote kwenye kompyuta. Ikaota ndoto tamu ajabu.

Sasa niseme habari za yaya. Kwetu yaya ni ndugu yako mkubwa, na huyu wangu, dada yangu, ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki mimi sijaanza kutembea, na yaya akatolewa shuleni ili anibebe. Husema kwa utani kwamba masomo yake yote aliyamalizia mgongoni, maana aliyeendelea kusoma alikuwa amekaa huko. Aliolewa huko huko kwetu Kabambare na mfanyabiashara Mwislamu, akasilimu, na hata alipofiwa na mumewe alibaki kule na binti yake, analima mpunga na karanga. Mimi ni Mkatoliki, lakini kila Idi ananitumia mchele wa shambani kwake, mpya, unaonukia nyumba nzima. Sijawahi kumlipa yaya kwa lolote alilonifanyia. Nilidhani mwaka ule ndio nimepata nafasi.

Macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Alikuwa anagonga miimo ya milango na kumwaga maji pembeni ya sufuria. Muuguzi wa Kabambare alimmulika kwa tochi akasema ni ule ugonjwa unaokula mwanga kuanzia kandoni, kama panya anavyokula mkeka. Daktari wa macho akipasua mapema, ugonjwa husimama pale ulipofika, na mtu hubaki na alicho nacho. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Wakati huo huo tukapata habari kwamba madaktari wa macho kutoka mbali watakuja kwenye hospitali ya Kasongo, wakae juma moja, kisha waendelee na miji mingine. Nilipoisikia habari hiyo kanisani sikungoja baraka ya mwisho. Nilitoka nikapanda mahali penye mtandao nikampigia.

Yaya alikuwa tayari. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ana pikipiki, na alikuwa amekwisha kusema atamleta Kasongo hata kesho yake. Mimi ndiye niliyekataa. Yaya alishawahi kuanguka na pikipiki, na nyonga yake haijapona mpaka leo. Nilimwona kichwani mwangu akirushwa kwenye mashimo safari nzima, haoni hata tawi linalokuja usoni. Na kwa nini ateseke? Lori la meja lilikuwa linaondoka siku zile kupeleka shehena ya kwanza ya mpango wetu, na kurudi lingerudi tupu. Katika karibu ndoto zote za mashini (nasema karibu, Mungu anisamehe) lilikuwa limefika Kasongo kabla madaktari hawajafungua masanduku yao. Nilimwomba meja kiti cha mbele kwa ajili ya yaya. Akanijibu kwamba yaya wangu ni yaya wake, na kwamba atamwekea na godoro.

Nikampigia tena kumwambia asubiri lori.

"Moto iko hapa mulangoni, mudogo yangu," akasema, na moto kwetu ni pikipiki. "Nisipande?"

Nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyoeleza darasani, kwa hatua, mvua, mafuta, malori, mpaka mwishoni nikajisikia mwenyewe ninavyosema vizuri. Yaya akasikiliza yote.

"Basi nitangojea," akasema. "Wewe njo ulisoma." Yaani mimi ndiye niliyesoma.

Lori liliondoka asubuhi nzuri, limefungwa turubai, askari wamekaa juu ya magunia. Vijana wa pikipiki waliwapungia mikono. Siku iliyofuata dereva akapiga simu akiwa juu ya mti, ndivyo alivyoniambia meja, kwa sababu ni huko tu alipopata mtandao. Kile kilima cha mbele ya Lusangi hakikuwa na njia tena. Mvua za mwanzo zilikuwa zimekikata katikati, korongo ambalo lori zima lingeingia na turubai yake, na si jana wala juzi. Majani yalikwisha kuota kwenye kingo zake. Pikipiki zilikuwa zikivushwa kwa kubebwa na watu kwa fito mabegani.

Nilifungua kompyuta. Hata leo sijui nilikuwa natafuta nini, labda nilitaka ibishane na korongo. Ilinionyesha lori langu likipanda kilima bila wasiwasi.

Askari walichimba, wanakijiji wakawasaidia kukata magogo, mvua ikanyesha ikabomoa walichojenga, wakaanza upya. Kule Kabambare, yaya alikuwa akienda kila asubuhi kukaa karibu na lango la kambi, na kifurushi chake, ndizi za kuchemsha za njiani na kopo la mawese aliloniletea mimi. Binti yake alinisimulia baadaye. Shemeji alipita na pikipiki yake mara kadhaa, kila mara akasimama kumwambia: shemeji, twende, hilo korongo watakubeba, mimi nitawaomba. Yaya akamjibu kwamba mdogo wake amesema lori. Mwishowe shemeji alipata abiria wa Kalemie akaenda zake. Nami kutoka Kasongo niliendelea kutuma ujumbe kwamba kesho, kwamba wamebakiza kidogo, kwamba asihangaike. Ningesema "panda pikipiki" mapema, angefika. Kila nilipotaka kulisema neno hilo nilifikiria nyonga yake, nikafikiria kazi yote tuliyokwisha kufanya, nikaona ni hasara kubadili shauri wakati lori limekaribia. Nilisikitika hata wakati ule ule, kabla ya kujua mwisho wake.

Madaktari walifunga masanduku. Nilikwenda hospitalini kuwaomba wasubiri, na daktari mmoja mwanamke, mpole, akanieleza kwamba mji mwingine nao una watu waliokaa kwenye mabenchi tangu alfajiri. Nilimjibu maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Hakukasirika. Aliniandikia mahali pa kumpeleka yaya huko Bukavu, na akasisitiza nisichelewe.

Lori lilipofika Kabambare, unga uliobaki ulikuwa umelowa, na askari walikuwa wamekwisha kuingia mashambani, la yaya likiwemo. Liliporudi, yaya alishuka Kasongo kutoka kiti cha mbele, kopo la mawese limefungwa kwa kitambaa, akageuza kichwa huku na huku kunitafuta nami nimesimama mbele yake. Bukavu tulikwenda, ilipowezekana kwenda. Walimpima kwa muda mrefu, kisha wakatuambia kwa upole kwamba jicho la kulia limekwisha, na la kushoto wanajaribu tu. Walijaribu. Lilimwonyesha vivuli hadi msimu wa kiangazi, kisha nalo likazima.

Nina hasira za karibu, kila mtu wa shule anajua. Kabla hatujaenda Bukavu, siku moja yaya akiwa amelala nyumbani kwangu, niliondoka hadi kituo cha pikipiki kutafuta wa kumlaumu. Nilimpata kijana niliyekuwa nikimhoji mara nyingi kuliko wote, mtu wa kwetu kabisa, anaongea Kibangubangu na mimi. Nilimwuliza mbele ya wenzake kama aliliona lile korongo. Akasema aliliona. Nikauliza kama alilivuka siku ile ile aliyoniambia njia ni nzuri. Akasema alilivuka, na hata bega lilikuwa bado linamuuma kwa kubeba. Basi kwa nini alinidanganya?

Alinitazama kama mtu anayetafuta namna ya kumkumbusha mkubwa jambo bila kumwaibisha.

"Prof, ulituambia muko munaenda," akasema. "Mutu iko anaenda safari, utamwambia nini? Utamupa mukosi?"

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akaongeza kwamba kama ningewauliza wao walitoka vipi, wangeniambia kila shimo, hata wangeninyima kulala kwa habari. Lakini nilisema tunakwenda. Anayekwenda hapewi maneno mabaya. Anapewa njia nzuri, ili iwe nzuri.

Nilikaa kwenye benchi lao. Hasira yote iliniishia miguuni, maana hakuna alichosema ambacho sikukijua. Mimi ni mtoto wa kule. Nimekua nikisikia hivyo mlangoni kila alfajiri mtu anapobeba mzigo. Nimewaambia hivyo hivyo watu waliokuwa wakienda kwenye mito iliyofurika. Hata wanafunzi wanaokwenda kwenye mtihani wa taifa, na wengine najua watafeli, huwaambia njia ni nzuri. Na yaya mwenyewe, kila nilipompigia siku zile za lori kumwuliza macho yakoje, alinijibu yako muzuri, na nikamwamini, kwa sababu nilitaka yawe hivyo. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowafundisha watoto. Nilikuwa nimeuliza kila mtu. Nilikuwa nakusanya baraka nikidhani nakusanya takwimu, na nikazipeleka jeshini.

Meja, nilipomweleza, hakuamini kwanza. Kwao, alisema, mtu akikuona unakwenda shimoni atakupigia kelele. Nikamwambia na kwetu pia, lakini ukiwa umeshafika shimoni. Siyo wakati unafunga mzigo. Alifikiri sana, halafu akauliza swali la maana kuliko yote aliyowahi kuniuliza: je, sasa tutawauliza vipi?

Tulibadilisha. Hatukuenda tena asubuhi wakati wa kuondoka, tulikwenda jioni kwa wanaofika, tena hatukutaja lori wala safari. Tulimpa mtu maji, tukamwambia pole, tukamwacha aseme alivyoteseka. Kumbe watu walikuwa na maneno. Akina mama waliobeba mawese kwa baiskeli walitueleza kilima kwa kilima, pale unapoteleza, pale unapovua viatu. Mashini ikaanza kuota ndoto mbaya, na hizo ndizo zilizosaidia. Meja aliacha kupeleka lori zito mvua zikizidi. Akaweka ghala dogo Lusangi wakati wa kiangazi, na kutoka pale unga ukaendelea na pikipiki na baiskeli. Msimu uliofuata askari wa Kabambare walikula. Akina mama walivuna mihogo yao wenyewe. Meja alipandishwa cheo akahamishwa, akaniachia barua ya shukrani ambayo mkuu wa shule aliisoma mbele ya bendera.

Nilifurahi, siwezi kukana. Lakini majuto ni mjukuu, husemwa, na wangu amehamia kabisa nyumbani, anakula na kulala. Watu wakiusifu ule mpango namwona yaya kwenye lango la kambi na ndizi zake za kuchemsha. Siumizwi sana na kukosea. Hesabu ni kukosea na kufuta. Naumizwa na kwamba alikuwa na njia yake mlangoni, na injini inaunguruma, akaiacha kwa sababu nilisoma, na aliyenisomesha ni yeye.

Likizo iliyopita nilikwenda Kabambare kumwona. Kilima cha Lusangi kilikuwa kibaya tena, tulishuka tukasukuma, nilifika nina matope hadi kiunoni. Alinipapasa usoni, akasema nimekonda, akacheka. Anapepeta mchele kwa kusikia, sauti ya pumba ni nyingine. Hakuniuliza chochote kuhusu mashini, na hajawahi kunilaumu hata kwa mzaha, na yeye ni mtu wa mzaha. Nilipojaribu kulianza jambo hilo alinikatiza akaniuliza kama nimeshiba.

Asubuhi ya kuondoka, mwendesha pikipiki alinisubiri upande wa barabarani. Nilimuaga binti ya yaya, nikafunga begi. Yaya alitoka ndani, mkono ukifuata ukuta, akaja hadi uani akasimama wima na kitenge chake kizuri, tayari kunisindikiza. Lakini usiku binti alikuwa amehamisha kiti na mtungi ambavyo yaya huvitumia kama alama, akasahau kumwambia, na yaya akajielekeza vibaya. Barabara ilikuwa mgongoni kwake. Alikuwa ameinua mkono kuelekea nyuma ya jiko, kwenye migomba.

"Enda muzuri, mudogo yangu," akasema. "Njia iko muzuri."

Binti alifungua mdomo kumrekebisha. Nikamwashiria anyamaze. Nilimwambia yaya ndiyo, iko muzuri, nikamwendea yule kijana nikamwomba azungushe pikipiki apitie nyuma ya jiko. Akanitazama, akasema huko hakuna njia, ni migomba mitupu. Nikamwambia azungushe tu, na asiwashe injini mpaka tuwe pale yaya anapotazama.